Mtu wa Maji

Juzi asubuhi, pale Kipini, nahodha wa boti ya kwenda Ozi aliingiza mkono chini ya ubao aliokalia, akatoa kifuko, akakikunjua taratibu, akanikabidhi mbele ya abiria wote.

"Shika, baba. Mto leo umechafuka."

Mto haukuwa na wimbi la kumwamsha kuku. Maji yalikuwa yamejaa na hayajaanza kupwa. Fundo la magugu lililoelea karibu na boti lilikuwa halijui lipande au lishuke. Abiria walicheka. Mama mmoja aliyepakata kapu la ng'onda alicheka hadi akalitua. Mzee aliyekuwa akivuta tasbihi alisimama kwenye ushanga mmoja, akacheka, kisha akaendelea alipoachia. Mtoto mchanga asiyejua Kipini wala Zanzibar alicheka kwa sababu mama yake anacheka. Nikakipokea, maana mkubwa akikupa kitu humrudishii, nikakaa nacho mapajani njia nzima mpaka Ozi, kikavu kabisa.

Hapo nikajua habari imetangulia. Mbolea ya mpunga hutufikia mpunga ukishachanua. Gazeti la Jumatatu tunalisoma likiwa limefungiwa mahamri. Mvua za Novemba 2023 zilipoikata barabara pale Gamba na Lango la Simba, watu wa Lamu na wa kwetu walipandishwa maboti kuvuka mahali ambapo mabasi hupita. Lakini habari kwamba mtoto wa Ozi amelevywa na bahari mbele ya watoto wa bara haikuhitaji barabara wala boti. Ilifika Kipini kabla basi letu halijatoka Tanga.

Mambo yalianzia Likoni. Basi letu la shule, la safari ya Zanzibar, liliingia kivukoni, na honi ilipolia, wenzetu wa Garsen na Minjila walishikana mikono. Wawili walianza kusoma dua kwa sauti. Sisi wa Ozi tulishuka, tukaegemea chuma, tukawa tunatafuna kachri za muhogo na kuhukumu namna kamba zilivyofungwa. Mwalimu wa safari alitutazama kitambo. Nilimwona akifikia uamuzi.

"Watoto wa Ozi," akasema, "nyinyi ni watu wa maji. Kila mmoja wenu atachukua mwenzake mmoja wa bara, amwangalie hadi turudi."

Akayaandika majina kwenye daftari la safari, safu mbili, waangalizi na waangaliwa. Naomba jambo hili lieleweke, kwa kuwa huko Kipini linasimuliwa vingine: sikujipiga kifua, niliteuliwa.

Mimi nilipewa kijana Muorma, mrefu, mpole, wa familia ya ng'ombe, ambaye maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaingia yalimfika magotini. Tangu Likoni hadi Lunga Lunga aliniuliza maswali mazito kwa sauti ya chini. Je, meli ikichoka katikati, huegeshwa wapi? Je, samaki mkubwa huijua meli, au huidhani ni samaki mwenzake? Niliyajibu yote kwa utulivu unaolingana na cheo changu. Mwishowe nikampa kanuni moja ya kushika: "Wewe nitazame mimi. Ukiona nimetulia, tulia."

Kabla ya bahari zilikuwepo karatasi. Mwanafunzi asiye na paspoti huvuka kwa pasi ya muda. Pasi ya muda hutaka cheti cha kuzaliwa. Cheti cha kuzaliwa, kwa mtoto aliyezalishwa nyumbani na mkunga, hutaka barua ya chifu. Barua ya chifu hutaka neno la mzee wa kijiji. Mzee wa kijiji hutaka kupatikana, na siku hizo alikuwa anavua, na kuvua kunangoja maji, na maji yanangoja mwezi. Yaani ukiifuata kamba yote ile hadi mwisho wake, aliyeshika idhini yangu ya kwenda ng'ambo alikuwa mwezi wa mbinguni. Nilipopata cheti, ofisa mmoja, sisemi wa wapi, alikisoma akaniuliza, "Ozi ni mto au ni kijiji?" Nikamjibu kuwa ni vyote viwili. Akaniambia nichague kimoja.

Basi, tukafika Dar es Salaam. Gati ya meli za Unguja iko mkabala na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, na ilikuwa Agosti, wakati kusi inavuma kwa moyo wake wote. Meli yenyewe ilikuwa ya mwendo kasi, ya matumbo mawili, yenye viti vya kitambaa, ubaridi wa mashine na televisheni iliyokuwa ikionyesha mchezo wa kuchekesha ambao hakuna aliyeutazama. Vioo vilikuwa na ukungu wa chumvi. Huoni nje isipokuwa mwangaza. Kijana wa meli akapita safu kwa safu akigawa vifuko.

"Mimi natoka Ozi," nikamwambia, nikikirudisha.

Alinitazama kwa huruma ya mtu aliyekwisha kuwasikia wengi wakitaja walikotoka. Akakiweka pajani mwangu, akaendelea. Mwenzangu Muorma alikipokea chake kwa mikono miwili, akashukuru, akakikunja na kukitia mfukoni. Alisema kitamfaa.

Ndani ya bandari maji yalikuwa shwari, na hadi tunaiacha Kigamboni nilikuwa katikati ya somo. Nilikuwa namweleza juu ya bamvua: kwamba mwezi ukiwa mchanga na ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta bahari pamoja, na maji hujaa kupita kawaida, na kwamba sisi wa Ozi huitumia nguvu hiyo kwa njia ambayo...

Hapo meli ikatoka mlangoni mwa bandari.

Watu hudhani mtu hutapika ghafla. Si kweli. Kwanza nilipiga miayo. Nikadhani ni uchovu wa safari, nikapiga tena. Kisha kinywa kikajaa mate, mengi, membamba, ya haraka. Nikayameza, yakaja mengine. Kisha jasho baridi likanitoka juu ya mdomo, ndani ya chumba ambamo wengine walikuwa wamejifunga leso kwa baridi. Sakafu ilipanda. Ikakaa juu kidogo, ikifikiri. Ikashuka, na tumbo langu likabaki kule juu. Mwenzangu, aliyeagizwa anitazame mimi, alikuwa akinitazama mimi.

"Umeacha pale kwenye njia," akanikumbusha kwa adabu. "Mnaitumia kwa njia gani?"

Nikafungua kinywa nimjibu.

Sitaeleza. Nitasema tu kwamba kifuko changu hakikutosha, na kwamba kile alichokuwa ametia mfukoni kilimfaa kweli, isipokuwa kilinifaa mimi. Alinishika kichwa, kiganja kimoja kwenye paji la uso na kingine nyuma ya shingo, kwa ufundi ulionishangaza hata katika hali ile. "Usijali," akasema, "nimewashika ndama wengi." Nilipopumzika kidogo, alifungua karatasi aliyokuwa nayo, akatoa chapati na yai la kuchemsha, akala kwa mkono mmoja bila kuniachia. Harufu ya yai lile ilinirudisha kazini.

Wasichana wa safu ya nyuma walianza kuhesabu. Walipofika idadi fulani walibishana, kwa kuwa mmoja wao alidai miguno mikavu isihesabiwe. Mwalimu alipita akishika viti, uso wake wa kijivu, akasema, "Mtu wa maji, vipi?" akapita haraka bila kungoja jibu. Niliwatafuta watoto wenzangu wa Ozi kwa macho, angalau nipate msaada wa ukoo. Wote walikuwa wamejifunika makoti usoni, wakidai wamelala. Sijapata kuona usingizi unaomeza mate kiasi kile. Lakini wao walikuwa na makoti, na mimi sikuwa nalo, na tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyonipa jina.

Tangu nirudi nimesoma kila nilichoweza kukipata juu ya jambo hili, na naomba nisikilizwe.

Ndani ya kila sikio, nyuma kabisa pasipofika pamba, mna mifereji mitatu midogo iliyopindwa, imejaa majimaji. Kwetu mkulima akitaka kujua maji yanaelekea wapi, hutazama majani namna yanavyolala mferejini. Na ndani ya mifereji ya sikio pia mna vinyweleo vinavyolala upande huu au ule kichwa kinapogeuka, na ubongo husoma kwavyo kama umeinama, umezunguka au umesimama. Kila mtu, hata aliyezaliwa jangwani, anatembea na shamba la umwagiliaji kichwani. Jirani na mifereji hiyo mna vijiwe vidogo sana vya chokaa vinavyotambua kupanda na kushuka. Sasa mtie mtu huyo ndani ya chumba kilichofungwa, vioo vyake vina ukungu. Macho yanasema: kiti kimetulia, ukuta umetulia, televisheni iko mahali pake. Masikio yanasema: tunapanda, tunashuka, tunalala ubavu. Ubongo unapokea ripoti mbili zisizopatana.

Kwa nini ugomvi wa macho na masikio uamuliwe na tumbo? Mwaka 1977 mwanasayansi Michel Treisman alitoa hoja ambayo mpaka leo inajadiliwa: katika maisha ya kale, kabla ya meli, jambo pekee lililoweza kuyafanya macho na masikio yapingane namna hiyo ni sumu. Kwa hiyo ubongo, ukiona ripoti hazilingani, hukata shauri kwamba umekula kitu kibaya, na huamuru kitoke chote, mara moja, bila rufaa. Yaani pale kitini sikuwa mwoga wala mdhaifu. Nilikuwa ninaokolewa. Ningependa nahodha wa Kipini ayajue hayo.

Si kila mtikisiko unaolevya. Waliopima wamekuta kwamba mbaya kuliko yote ni ule wa polepole, wa kupanda na kushuka mara moja kwa takriban kila sekunde 5. Ukiharakishwa zaidi, mwili huuvumilia. Na hapo ndipo kesi yangu inaposafishika. Mtumbwi hutikisika kwa haraka na kwa ufupi; ukiegemea kushoto umekwisha kurudi kulia. Mto hauna mawimbi ya mgongo mrefu, kwa kuwa mawimbi hayo huzaliwa na upepo uliosafiri juu ya bahari mamia ya kilomita bila kizuizi, nao upepo wa Ozi hata ukitaka kusafiri hukutana na miembe. Kati ya Dar es Salaam na Unguja, kilomita 70 na kitu, mawimbi ya kusi huingia kutoka bahari kuu na kuijia ubavuni meli inayoelekea kaskazini. Basi, maisha yote ya mtumbwini yamenifundisha kuvumilia kila aina ya mtikisiko isipokuwa ule mmoja unaohusika. Aliyesema "watu wa maji" alichanganya maji.

Tena niko pamoja na wakubwa. Charles Darwin, aliyeizunguka dunia kwa merikebu ya Beagle kuanzia 1831 hadi 1836, aliugua bahari safari nzima. Nelson, amiri wa Waingereza ambaye sanamu yake imesimamishwa juu ya nguzo katikati ya London, aliugua kila aliporudi baharini. Hakuna aliyewapa kifuko mtoni kwao.

Lakini kisa nilichokipenda kuliko vyote ni cha Wamarekani. Walipokuwa wakijiandaa kupeleka watu angani, miaka ya mwisho ya 1950 na baada yake, wanajeshi wao wa majini na watafiti wa anga waliwachukua wanaume 11 viziwi kutoka chuo cha Gallaudet mjini Washington. Wengi wao walikuwa wameugua homa ya uti wa mgongo utotoni, na homa hiyo ilikuwa imeiua mifereji ya masikio yao. Waliwazungusha kwenye mashine, wakawapandisha ndege zinazoporomoka, hawakuugua. Basi wakawapakia melini, huko Nova Scotia, Kanada, bahari ikiwa imechafuka vibaya. Viziwi walikaa wakicheza karata. Watafiti, wenye mifereji mizima na shahada za juu, waliugua hata jaribio likabidi lifutwe. Kila nikikumbuka hilo ninamwona mwenzangu na yai lake. Sijui mifereji yake ina nini. Yeye anasema ni dua ya safari, aliisoma yote, wakati mimi niliikatisha ili nitoe somo.

Dawa ipo, nimeisoma pia, baada ya wakati wake kupita: kaa katikati ya meli, chini, au toka nje utazame upeo wa macho, ili macho na masikio yatoe ushahidi mmoja.

Tulishuka Unguja kwenye bandari ya Malindi, ambako nilifika nimekunjamana, nikiwa nimeshikwa mkono na mwangaliwa wangu. Karatasi zetu zikakaguliwa tena, maana Zanzibar hukagua yenyewe. Nikiwa kwenye foleni, nimeshika cheti kile kilichotoka kwa mwezi, nilikumbuka jambo la kitabuni. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipokaa kupima ukanda wa pwani wa Sultani wa Zanzibar, maili 10 kutoka baharini kuingia bara, waliuanzia kusini kwenye ghuba ya Tungi wakaukomesha kaskazini wapi? Kipini. Mlango wetu wenyewe wa mto. Bendera ya Sultani ilihesabiwa kuwa na haki pwani hiyo hadi Desemba 1963. Babu wa babu yangu angeshuka hapo akiwa raia, pengine akiwa na deni la ushuru, lakini raia. Mimi niliulizwa nimekuja kufanya nini. Nilitaka kujibu kwa urefu, ila sikuwa bado na imani na kinywa changu.

Mengine yalipita upesi. Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, hata wapiga kelele wetu walinyamaza bila kuambiwa. Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, tulilitazama kwa mbali, kwa kuwa sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Jozani tulilipa kiingilio tukawaona kima punju wekundu wanaopatikana Zanzibar tu, na mwenzangu akasema kwa upole kwamba juu ya Garsen, kwenye misitu ya mto Tana, wapo ndugu zao wekundu wanaopatikana Tana tu, na hajapata kuliona basi la shule kutoka Zanzibar. Kijana mmoja alibadilisha shilingi zetu elfu moja, akapewa karibu elfu ishirini za huko, akawa tajiri tangu mchana hadi alipouliza bei ya chakula cha jioni. Forodhani waliokula urojo wanausifu. Kurudi Dar es Salaam kulikuwa vilevile, ila wasichana walikuwa wamekubaliana kanuni za kuhesabu.

Somo langu la bamvua lilikatikia mlangoni mwa bandari, na mwenzangu ameniuliza mara nyingi mwisho wake. Nitalimaliza hapa.

Tunaitumia hivi. Maji ya mto ni mepesi, ya bahari ni mazito kwa chumvi. Bahari inapojaa na kuingia mlango wa Kipini, haichanganyiki na mto papo hapo. Hupenya chini yake, ikitambaa sakafuni, na kuunyanyua mto mzima juu. Mto unaokuja na mto unaozuiwa hukutana, na maji matamu yakikosa pa kwenda hupanda ukingoni. Siku za kawaida hupanda kidogo. Siku za bamvua hupanda hadi kwenye midomo ya mifereji yetu, na hapo mkulima hufungua mlango wa tuta, na maji matamu yakaingia majarubani yenyewe, kimya, bila pampu, bila dizeli, bila bili. Bahari inafanya kazi ya pampu, na haigusi shamba. Maji yakipwa, unafunga ukitaka yabaki, au unaachia ukitaka yatoke. Kesho yake saa husogea kwa dakika 50 hivi, kwa sababu mwezi huchelewa, na wazee wanaijua ratiba hiyo bila kutazama simu. Mpunga wa Ozi umelimwa hivyo vizazi na vizazi. Nilitaka kumweleza Muorma kwamba sisi ndio tulioitia bahari nira. Ni bahati njema kwamba nilitapika kabla sijafika hapo, kwa kuwa sentensi hiyo si ya kweli tena.

Ujanja wote ule unasimama juu ya sharti moja: mto uwe na uzito wa kutosha wa kuikalia bahari juu. Mto ukipungua, bahari haibaki chini. Hupanda, huchanganyika, husonga mbele mkunjo kwa mkunjo, na mlango wa tuta haujui kuchuja. Bibi yangu siku hizi hafungui mfereji kabla hajachovya kidole na kukilamba. Zipo siku analamba, anatema, anafunga, anarudi nyumbani bila kusema neno. Miembe mikubwa ya upande wa Kipini na Ozi, ile ambayo maembe yake yaliwajengea watu nyumba, imekauka imesimama. Mpunga uliokunywa chumvi hubadilika rangi kuanzia ncha ya jani. Wengine wamegeuza majaruba kuwa mahali pa kuota mikoko, si kwa kupenda.

Zipo sababu kadhaa: ukame, ukingo uliolimwa, mikoko iliyokatwa, bahari yenyewe inayopanda. Na ipo ya juu. Maji yetu huletwa na Tana, ambao ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, unashuka kutoka Mlima Kenya na Aberdare, na tangu 1968 umewekewa mabwawa moja baada ya jingine: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga mwaka 1981, Kiambere mwaka 1988. Sehemu kubwa ya maji ya mabomba ya Nairobi hutoka kwenye vijito vinavyoulisha mto huohuo. Sisemi watu wasinywe, wala wasiwashe taa. Nasema kwamba wakati wa kiangazi, maji yetu yanapohitajika yaikalie bahari, yako kazini kwingine. Na wakati wa mvua kubwa, mabwawa yakifurika, yanakumbuka nyumbani yote kwa pamoja, usiku, na kuingia hadi vitandani. Kwa hiyo tunapata mto pasipotakiwa na tunapata bahari pasipotakiwa, na katikati ya viwili hivyo anakuja mtu mwenye kalamu kutuuliza Ozi ni mto au ni kijiji. Asubiri kidogo. Kwa mwendo huu kitabaki kimoja cha kuandika, na hakitakuwa kati ya hivyo viwili.

Jambo linaloniuma ni utaratibu. Mimi, mtoto wa shule, kwenda kuitazama bahari ya jirani kwa siku chache, nilidaiwa cheti, barua ya chifu, barua ya mzazi, kadi ya chanjo ya homa ya manjano na picha mbili za paspoti. Bahari imeingia Ozi, imepanda mto, imekaa kwenye shamba la bibi yangu, na hakuna aliyeiuliza hata jina la baba yake.

Jana mwalimu wa safari alituma ujumbe kwenye simu za wazazi akiomba mapendekezo ya safari ya mwakani. Wengi wametaja Entebbe. Mimi niliomba simu ya baba nikaandika: Masinga. Ni nchini mwetu, haina mpaka wa kuvuka, haina mawimbi ya sekunde 5. Mwalimu akauliza kule kuna nini cha wanafunzi kuona. Nikamjibu, maji yetu. Alikaa kimya kwa muda, kisha akajibu kwamba wazo ni zuri sana, nililete kwa maandishi shule zikifunguliwa, pamoja na barua ya mzazi, barua ya chifu na nakala ya cheti cha kuzaliwa.